Woga ulikutoka kwenye sentensi ipi? Uzi wa kukosoa hadithi za kutisha na za kisayansi

#1 Kibatari

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma hadithi za humu miaka mingi, za majini, za misukule, za vyombo vya angani, na kuna jambo linaniuma. Mtu anakesha anaandika sehemu ya kwanza, anaishusha, na chini yake anakuta maneno ya aina mbili tu. Ama "shusha vitu mkuu, arosto inatuua", ama "takataka, bora ukalime". Wa kwanza anamwacha mwandishi palepale alipo. Wa pili anamfukuza. Hakuna aliyemwambia hadithi yake imefanya nini ndani ya kichwa cha msomaji, na hicho ndicho kitu ambacho mwandishi hawezi kukiona kwa macho yake mwenyewe.

Naomba uzi huu uwe na kazi moja. Soma hadithi ya mwenzako mpaka mahali woga unapokutoka. Kama ni ya kisayansi, mpaka mahali unapoacha kuamini. Nakili sentensi hiyo, useme kwa nini. Ukikuta mahali nywele zimekusimama, nakili hapo pia, maana mara nyingi mwandishi hajui kwamba hapo ndipo alipopatia. Na mwandishi naye akae kimya siku nzima ya kwanza. Hadithi ikishatoka mkononi mwake hatakuwepo pembeni ya kila msomaji kumweleza alichokuwa anamaanisha.

Njia hii sikuitoa kitabuni. Hadithi yangu ya kwanza niliiweka kwenye jukwaa moja, mtu akaandika "acha kuandika, tafuta kazi". Nikaacha, miaka minne. Aliyenirudisha ni msomaji mmoja ambaye hadi leo sijaonana naye. Aliniandikia: "Nilikuwa nasoma hadithi yako kwenye daladala nikapitiliza kituo. Nilizinduka pale jini lilipoanza kuhutubia. Nikainua macho, nikaona tumefika mwisho wa gari." Nilirudi kwenye maandishi yangu kuangalia. Kweli, jini langu lilikuwa linaongea aya tatu mfululizo. Linaeleza limetoka wapi, lina kisasi na nani, litaua wangapi. Nilizifuta zote tatu, likabaki limesimama mlangoni bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe nilishindwa kuisoma usiku. Yule msomaji hakunifundisha kuandika. Alinionyesha tu sentensi.

Tuanze na hadithi ya Mwalimu wa Zamu, ambaye ameniruhusu niitumie. Mwalimu mpya amepangiwa shule ya kijijini, amepanga chumba kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Inaanza hivi:

*"Ulikuwa ni usiku wa giza nene na wa kutisha sana. Paka mweusi alilia kwa sauti ya kuogofya. Ghafla nikasikia sauti ya ajabu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nilitetemeka mwili mzima."*

Mimi woga ulinitoka kwenye "wa kutisha sana". Yaani kabla haujaingia. Mwandishi ameniamuru niogope, na bado hajanipa cha kuogopa. Paka mweusi tumekutana naye kwenye kila hadithi, amechoka. Na hiyo "sauti ya ajabu" inafanana na nini? Kama ni ya mtu anaburuta gunia la mahindi sakafuni, andika hivyo hivyo. Nikisikia gunia linaburutwa saa nane usiku kwenye nyumba ya bibi anayeishi peke yake, kutetemeka nitatetemeka mwenyewe.

Sasa tazameni aya ya nne, sentensi moja iliyopita kimyakimya:

*"Asubuhi nilimkuta bibi anaosha vyombo, sahani mbili na vikombe viwili, nikamwamkia nikaenda shule."*

Hapa nilisimama. Nikarudi juu kuhakikisha. Bibi anaishi peke yake, imeandikwa. Mwalimu jana yake amekula shuleni, nayo imeandikwa. Nani amekula kwenye sahani ya pili? Mwandishi amelipita jambo hili mbio akikimbilia paka wake. Mwalimu, hadithi yako iko ndani ya lile beseni la vyombo. Chuchumaa hapo. Hiyo sahani ya pili imebaki nini? Ugali umemegwa upande gani? Ningekuta umemegwa upande wa kushoto, kama wa mtu anayekula kwa mkono wa kushoto, nisingemhitaji paka hata kidogo.

#2 Binti Pangani

Kaka Kibatari, ahsante kwa kuanzisha hili.

Kila aliyekulia pwani amesimuliwa mwanamke mzuri anayeomba lifti usiku, kumbe miguu yake ni kwato. Nimeisikia pengine mara thelathini na bado inanishika. Kwa nini? Kwa sababu msimuliaji mzuri anaanza mbali. Anakupa barabara unayoijua, anakupa saa, anakupa harufu ya udi inayoingia garini kabla ya mwanamke mwenyewe, anakupa maongezi ya kawaida kabisa. Kwato zinakuja mwisho, dereva anapoinama kuokota kitu kilichoanguka. Nusu ya hadithi za humu zinaanza na kwato kwenye sentensi ya kwanza. Msomaji akishaona kwato, barabara yote iliyobaki anatembea bure.

Halafu kuna jambo la masharti. Jini linaloweza kila kitu halitishi, kwa sababu hakuna ninachoweza kufanya, basi nakaa tu nalisubiri. Nikijua kuna jambo moja halitakiwi kufanyika, hapo nitamfuatilia mhusika kwa macho yote. Na hatuhitaji kuyabuni kutoka hewani. Sote tumekatazwa na bibi zetu kupiga mluzi usiku, kufagia usiku, kuitika ukiitwa usiku mara moja na sauti usiyoijua. Muuza duka wa zamani hakuuzii sindano usiku. Nipe duka, nipe mvua, nipe mtu mwenye heshima zake anagonga dirisha saa sita usiku anataka sindano moja, ana noti kubwa, na muuzaji ana mtoto mgonjwa ndani anahitaji fedha. Uzi huo nitausoma mpaka mwisho.

Nyongeza ndogo. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, dude lililosemwa kuvamia watu majumbani usiku, ilipoanzia Pemba ikavuka kwenda Unguja mpaka Dar es Salaam, watu walilala nje kwa makundi, wengine wamewasha moto. Mama yangu alikuwa Unguja. Ukimuuliza lile dude lilifananaje, hana la kusema. Anachokumbuka ni vitanda. Anasema alitoka asubuhi akaona vitanda vya chumbani vya watu wazima, na mashuka yake, vimepangwa uani kama vinauzwa. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa hofu yenyewe, kitu cha ndani kiko nje.

#3 Mzee wa Kijiweni

Mimi nitasema ninachoamini. Mnawadekeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zamani ukiandika upuuzi unaambiwa upuuzi, unajirekebisha au unaacha, na waliobaki walikuwa wazuri kwelikweli. Huyu wa paka mweusi aambiwe tu arudi akasome.

#4 Kibatari

Mzee wangu, shikamoo.

Sina ugomvi na ukali. Nimesema sentensi ya kwanza ya Mwalimu imekufa kabla haijaanza, na huo ni ukali. Ninachokataa ni ukali usio na anwani. Ukimwambia mtu "arudi akasome", akasome nini? Ukimwambia "sauti ya ajabu" haisikiki, leo hii anajua pa kuweka kalamu. Na yule mgema, mzee, anatia maji kwa sababu hakuna anayeonja kwa makini. Sisi tuonje.

#5 Shinyanga Kwetu

Nimeisoma hadithi yote ya Mwalimu, siyo kipande. Kwangu woga haukunitoka kwenye paka. Ulinitoka hapa, ikaja hasira:

*"Bibi yule alikuwa na macho mekundu kama damu. Hapo nikajua huyu ni mchawi."*

Mwalimu, sisemi hili kukuvunja moyo, nasema kwa sababu natoka huko. Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, vikongwe wameuawa kwa mapanga miaka na miaka, na kwa wengi ushahidi uliotolewa ulikuwa ni macho mekundu. Macho yale ni ya moshi. Mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani? Bibi mzaa mama yangu alikuwa nayo. Alihamishwa kwake akiwa mzima, akaletwa mjini kwetu, kwa sababu wajomba zangu walianza kusikia maneno kilabuni. Alikuwa anajipaka mafuta usoni kabla ya kutoka nje akidhani macho yatapungua wekundu. Hajawahi kumdhuru hata kuku.

Ndugu zetu wenye ualbino nao hivyo hivyo. Watu wamekatwa viungo nchini kwetu kwa sababu ya imani za utajiri, halafu nakuta hadithi humu mganga anataja kiungo cha mtu kama anavyotaja mzizi, mwandishi anapita, wasomaji wanaandika "noma sana". Hapo siogopi, naumia. Sijasema mtu asiandike uchawi. Wachawi wa kijiji cha Gamboshi tumesimuliwa tangu utotoni na tutaendelea kusimuliana. Nasema, ukitumia kitu ambacho kimeua watu wa kweli, ujue umekishika. Hapa hata kazi ya hadithi hakifanyi. Macho mekundu yananipa jibu mapema, ya sahani mbili hayana maana tena. Kabla ya sentensi hiyo nilikuwa najiuliza bibi huyu ana nini. Baada yake, nimeambiwa.

#6 Binti Pangani

Dada au kaka Shinyanga, sina la kuongeza. Mwalimu, soma hiyo mara mbili.

#7 Mwalimu wa Zamu

Nimekaa kimya kama tulivyokubaliana. Nimesoma yote. Macho mekundu nimeyafuta usiku huu huu, nisamehewe na waliofiwa. Mengine nayafanyia kazi. Naomba wiki moja.

#8 Kibatari

Chukua muda wako, Mwalimu.

Hadithi ya pili ni ya Nyota ya Mbali, ya kisayansi. Hizi ni chache humu na wanaoziandika wanajituma sana, ndiyo maana nataka tuzisome kwa makini kuliko zote. Ufunguzi wake:

*"Mwaka 2150. Kapteni Jackson alikuwa makao makuu ya anga Marekani. Alichukua simu akampigia mke wake Linda aliyeko Mirihi. 'Halo mpenzi,' alisema. 'Halo, tumekukumbuka,' Linda akajibu. 'Kimondo kikubwa kimeanguka Nevada,' Jackson alisema kwa huzuni."*

Namwita Fundi Mawimbi, hii ni fani yake.

#9 Fundi Mawimbi

Nimeitika.

Niliacha kuamini kwenye "Linda akajibu". Sauti ya simu hiyo inasafiri kwa mawimbi ya redio, na mawimbi ya redio yanakwenda kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Hakuna cha kwenda kasi zaidi. Mirihi ikiwa karibu nasi kabisa, neno lako linafika baada ya dakika kama 3. Ikiwa upande wa pili wa jua, ni dakika 22. Na jibu nalo lina safari yake ya kurudi. Jackson akisema "halo", anaweza kunywa chai, akaoga, akavaa, ndipo asikie "halo" ya mkewe.

Mwandishi asiione hii kama adhabu ya fizikia. Hapa ndipo hadithi ilipo! Fikiria mama yuko Mbeya, mwanawe yuko Mirihi. Mama anauliza, "Umekula?" Jibu linakuja baada ya dakika arobaini, mama ameshalala kitini. Fikiria mtoto anasema, "Mama, kuna mtu anagonga mlango wa nje." Nje hakuna hewa. Mama anapiga kelele usifungue, na wakati anapiga kelele anajua kwamba chochote kilichotokea kimeshatokea dakika ishirini zilizopita. Mimi nimerekebisha redio maisha yangu yote na hiyo picha inanisumbua tangu nianze kuandika jibu hili.

Hadithi ya kisayansi naiona hivi: nakupa ruhusa ya uongo mmoja mkubwa. Sema watu wanaishi Mirihi, nimekubali. Baada ya hapo kila kitu kiwe kweli, kwa sababu kweli ndiyo inayoubeba ule uongo. Ukiongeza wa pili na wa tatu, wote unaanguka.

La pili ni mahali. Kimondo kinaanguka Nevada kwa sababu gani? Sisi tuna Kimondo cha Mbozi, mkoa wa Songwe, kinakadiriwa tani 16, chuma kitupu na nikeli, kimelala pale kilimani tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Wanasayansi walikisikia mwaka 1930 tu, wenyeji walikijua zamani zao. Ukienda utaona pembeni alama ya pale kilipokatwa kipande kwa msumeno ili kipimwe. Unaweza kukiwekea mkono. Nilikiwekea mkono mchana wa jua kali nikiwa kijana.

Na kituo cha kurushia roketi? Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la San Marco baharini pale, wakirusha setilaiti tangu miaka ya sitini mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa angani kwa jina hilo hilo la Kiswahili, wataalamu wa dunia nzima wanalitamka. Na hawakuchagua Ngomeni kwa upepo mzuri. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya mita 460 hivi kwa sekunde, roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure, na mashariki yake ni bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu.

#10 Nyota ya Mbali

Naomba radhi kwa kuvunja sharti la kukaa kimya. La dakika 22 nimelipenda mno, nimekosa usingizi. Lakini nikiandika Mbozi na Ngomeni, nani atasoma? Watu wakiona jina la Jackson wanajua hii ni ya anga. Wakiona Mwakyusa wanadhani ni hadithi ya kilimo.

#11 Mzee wa Kijiweni

Hapo yuko sawa. Mwafrika haogopi mashine. Anaogopa uchawi. Hadithi za roboti hazitushiki, ndiyo maana lazima ziwe za Wazungu.

#12 Kibatari

Mzee, kwa heshima zote, hili nalipinga kabisa.

Wakati wa ukoloni, Nairobi, watu waliogopa nini usiku? Wazimamoto. Walisimuliana kwamba watu wa zimamoto, na magari yao na sare zao, wanakamata watu gizani wanawanyonya damu. Kampala hivyo hivyo. Kwetu Tanganyika tuliwaita mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya habari hizi, kikatoka mwaka 2000, baada ya kuwahoji wazee wengi. Sasa angalia hiyo hofu imetengenezwa kwa vitu gani. Gari. Mpira wa maji. Mwajiri asiyeeleza kazi yake. Mlango wa chuma unaofungwa kwa nje. Hakuna ungo hapo wala fisi. Babu zetu walitisha watu kwa mashine kabla sisi hatujazaliwa, na nchi nzima ilifunga milango mapema.

#13 Binti Pangani

Namuunga mkono Kibatari, lakini Fundi naomba nimpinge kidogo.

Sitaki tufike mahali pa kumwambia mwandishi lazima aandike kwao. Mirihi ni ya kila mtu. Niliacha kuamini hadithi ya Nyota kwenye "kwa huzuni", wala si kwenye Nevada. Jackson hana kwao. Sijui alikula nini, nani alimlea, anamwogopa nani. Amepewa jina la kizungu ili mwandishi asimjue. Mtu unayemjua huwezi kumwandikia "alisema kwa huzuni" ukaondoka. Nyota, muite Jackson ukitaka, ila umjue kama unavyomjua mjomba wako.

Na kama unatafuta kitu cha ajabu, Fundi ametaja mawe na roketi, mimi nataja samaki. Silikanti. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini amekwisha zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania wakaanza kumkuta kwenye jarife zao, na kwetu Tanga wamepatikana wengi mpaka sehemu ile ya bahari ikafanywa hifadhi. Ninachokiona mimi ni mvuvi anavuta jarife alfajiri anatafuta papa, na juu ya maji linatokea samaki zito lenye mapezi yanayokaa kama miguu, linamtazama. Yeye hajui kwamba lilishatangazwa limekufa. Anawaza tu kama litauzika.

#14 Mkaazi wa Kisauni

Habari zenu kutoka Mombasa. Niliyoyasoma yote ni mazuri.

Kwa wanaosema Kiswahili hakina hadithi za anga: Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alitoa *Walenisi* mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa kwenye chombo cha angani. Jina la nchi anayofika ukilisoma polepole linasema "wale ni sisi". Kwa hiyo njia imeshafyekwa, tutembee.

Nina jambo la maneno. Kuna hadithi moja humu, mama wa Mbagala anamwambia mwanawe, "Washa tarakilishi yako." Niliacha kuamini hapo, na mimi ni Mkenya niliyefundishwa "tarakilishi" shuleni! Neno halina kosa. Mwalimu wangu angelisema, mtangazaji angelisema. Mama wa Mbagala atasema kompyuta. Vivyo hivyo akili mnemba, akili unde, akili bandia: chagua moja kwa msimuliaji, kisha ujiulize kondakta wa mwaka 2090 ataiitaje. Hataiita hata moja kati ya hizo. Ataipa jina la utani, na jina hilo la utani ndilo litakalonifanya niamini kwamba 2090 ipo.

#15 Kibatari

Mkaazi, karibu sana.

Niseme moja la haraka kuhusu "ITAENDELEA". Najua kuna wanaouza mwendelezo kwa WhatsApp, na sina kinyongo, kazi ni kazi. Lakini sehemu ya tano inakatwa kwenye "ghafla mlango ukafunguka...", sehemu ya sita inaanza na "kumbe alikuwa ni mama". Mara ya kwanza nacheka. Mara ya pili siamini tena hata jini likija kweli. "Kumbe ilikuwa ndoto" nayo ni deni lile lile, limelipwa kwa noti bandia.

#16 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, wiki imekwisha. Nimeandika upya mwanzo. Kazi kwenu.

*"Siku ya tatu nilirudi kutoka shuleni nimeshiba. Bibi alikuwa jikoni anapakua. Alipakua sahani ya kwanza akaifunika. Akapakua ya pili, akaiacha wazi. Nikamwambia, 'Bibi, mimi nimeshakula.' Akasema, 'Najua, mjukuu wangu.' Akaibeba ile ya wazi akaenda kuiweka mwisho wa ukumbi, pale taa isipofika, akarudi akakaa karibu nami. Tukasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Hakuna aliyepita. Hapo nikajua kuna jambo lisilo la kawaida katika nyumba hii.*

*Asubuhi nilimkuta anaosha vyombo. Sahani ya pili alikuwa hajaifikia. Ugali ulikuwa umemegwa upande wa kushoto. Mboga haikuguswa.*

*Bibi akaniuliza bila kugeuka, 'Mjukuu wangu, wewe unakoroma?'*

*Nikamwambia sikoromi.*

*'Basi mtaelewana,' akasema."*

#17 Fundi Mawimbi

"Basi mtaelewana." Nimeisoma nikiwa dukani, mchana, wateja wamejaa, na bado nimegeuka kuangalia nyuma.

#18 Kibatari

Mwalimu, woga haukunitoka mpaka hapa: "Hapo nikajua kuna jambo lisilo la kawaida." Tayari nilikuwa najua, na nilikuwa najua peke yangu, ndiyo maana niliogopa. Umekuja kunishika mkono. Iache "Hakuna aliyepita" imalize aya yenyewe.

#19 Binti Pangani

Nakubaliana na hiyo. Yangu ni nyingine, na kosa si la Mwalimu peke yake, ni la kaka Kibatari aliyemshauri: "Ugali ulikuwa umemegwa upande wa kushoto." Sahani ni duara. Kushoto kwa nani? Nilisimama nikaanza kuigeuza sahani kichwani, na msomaji anayegeuza sahani haogopi. Nataka kitu ambacho ugali wenyewe unaweza kukisema.

#20 Kibatari

Kweli kabisa, dada. Nilikosea, wala sikuliona mpaka uliposema. Mwalimu, lifute hilo la kwangu, tafuta la kwako.

#21 Mwalimu wa Zamu

Nimefuta zote mbili. Kuhusu ugali nimekaa nao siku mbili, sasa unasomeka hivi:

*"Ugali ulikuwa umemegwa tonge ndogo ndogo, nyingine zimedondoka kando ya sahani, kama za mtoto anayejifunza kula mwenyewe. Bibi aliziokota moja moja kabla ya kuitia sahani majini."*

#22 Shinyanga Kwetu

Sasa namwonea huruma bibi huyu, na bado siwezi kuingia kwenye ule ukumbi. Usimbadilishe tena.